Niweke plagi za moto, au nimngoje na hizi za baridi?

Mshauri mpendwa, shikamoo. Najua mezani kwako zinafika barua za waliofumania na waliofumaniwa, na hii yangu huenda ikakufanya uvue miwani uifute uisome upya, lakini nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo ucheke, maana shida yangu ni plagi, ndiyo, plagi za gari, zile zinazotoa cheche injini ikawaka, na tangu Jumapili iliyopita silali vizuri, chakula nakiangalia tu, na juzi dukani nimempa mteja chujio la oili wakati yeye alitaka mkanda wa feni, akaniuliza dada, uko na sisi kweli.

Mimi ni mwanamke wa ndoa na kazi yangu ni kuuza spea. Nakaa kaunta, nyuma yangu rafu mpaka darini, na mtu akinitajia gari lake namtolea plagi yake bila kufungua kitabu, wala hajarudi mtu kuniambia nimempa siyo. Ndivyo nilivyompata mume wangu. Alikuja kaunta akataka plagi nne, mbili namba saba na mbili namba tisa, za gari moja. Nikamwambia kaka yangu, gari gani hilo linalovaa viatu vya saizi mbili, nenda kaulize vizuri huko ulikotumwa. Hakubisha. Alicheka, akaenda zake, na jioni akarudi na plagi zake kuukuu amezifunga kwenye kitambaa safi, akazipanga moja moja juu ya kaunta, akaniambia gari langu ni la rotari, halina pistoni hata moja, ndani yake kuna vyuma viwili vya pembe tatu vilivyonenepa mashavu, vinazunguka, na kila kimoja kina plagi mbili, ya chini inachoma kwanza na ya juu inamalizia. Mimi niliyejiona mjuzi nikabaki kutazama zile plagi kama mwanafunzi. Akasema ukitaka kuona, njoo nikuonyeshe. Basi nikaenda kuona, na sijarudi kwetu mpaka leo.

Tulipooana akalifunga tabo kubwa, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukumie injini hewa kwa nguvu, na akaipandisha presha yake mpaka marafiki zake wakasema huyu bwana anatafuta kuruka. Ndipo habari ya plagi ikabadilika, na hapa naomba uvumilie kidogo, mshauri, nitaeleza taratibu kama ninavyoelezea wateja. Plagi ziko za moto na za baridi. Ya moto hukaa na joto lake kwenye ncha, kwa hiyo masizi yanaungua yenyewe na gari linawaka kirahisi hata kama unaenda nalo dukani tu. Ya baridi hulitoa joto haraka, na namba yake huwa kubwa. Sasa gari likisukumiwa hewa nyingi namna ile, ncha ya plagi ya moto inaiva mpaka inang'aa, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, na kwenye rotari mlipuko mmoja tu wa aina hiyo unavunja sili za kuzibia zilizoko kwenye pembe za kile chuma, na hapo injini ndiyo basi tena, hakuna cha kukaza nati wala kuombea. Kwa hiyo akaweka zote nne za baridi kabisa, namba kumi na nusu, akazibana nafasi ya cheche ikawa nyembamba ili upepo wa tabo usiizime, na akaniambia Mama Spea, hizi ni plagi za kukimbia, sio za kusalimia majirani.

Na kweli tulikimbia. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nakaa pembeni yake, uwanja wa mashindano uko wazi mbele yetu, tabo ikishika unabandikwa kwenye kiti na maneno yote yanakutoka kichwani, na yeye haniangalii, anaangalia mbele, lakini kila anapomaliza kubadilisha gia mkono wake unapita gotini kwangu, unagusa, unarudi kwenye usukani. Hakuwahi kusema lolote kuhusu huo mkono na mimi sikuwahi kumuuliza. Nikiwa dukani sasa hivi, mtu akafunga mlango wa gari huko nje, goti langu linakumbuka kabla yangu.

Halafu akapata kazi ng'ambo. Ni mchomeleaji, anachomelea meli zilizopandishwa kwa matengenezo. Alisema ni mkataba mmoja tu. Mkataba ukaisha, akasema wameongeza. Ukaisha tena, akasema wameongeza tena, ni kazi nyingi, watu hawatoshi, vumilia. Nikavumilia, nikazoea kulala katikati ya kitanda.

Kila Jumapili asubuhi anapiga simu. Hujambo, sijambo, mama hajambo, kisha anasema, niwashie nisikie. Naingia bandani, naketi kwenye ukingo wa kiti chake, kwa sababu kiti bado kiko nyuma alivyokiacha na miguu yangu haifiki kwenye pedali mpaka nining'inie, natia ufunguo, linakohoa, linashika, linaanza ile bra, bra, bra yake ambayo ukishaizoea huwezi kuichanganya na gari jingine. Nazunguka nyuma, nachuchumaa, nanyoosha simu kwenye ekzosi, lile bomba la moshi. Nakaa hivyo mpaka vidole vinaanza kuungua. Kisha nalizima haraka, kwa sababu majirani wana watoto wachanga na ule moshi unaingia jikoni, na nikiirudisha simu sikioni namkuta anapumua. Anasema, aah, linalala vizuri. Ukimsikia anavyolisema utadhani yuko mlangoni anavua viatu. Baada ya hapo kengele ya kazini kwao inalia na anaaga.

Mama mkwe wangu anakaa nyumba ya pili, ukuta mmoja na sisi, na akisikia ule mngurumo hupaza sauti, je, mke mwenzio ameamka? Namjibu ameamka, mama, anakusalimu. Ni utani wetu. Lakini Jumapili moja alikuja mwenyewe bandani gari limeshazimwa, akaweka kiganja juu ya boneti ambalo lilikuwa na uvuguvugu kidogo tu, akakaa nacho pale pale, hakutania, na mimi nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia kioo. Alipoondoka niliweka mkono wangu palepale.

Sasa shida. Zile plagi zikaanza kutoka nyeusi na zimelowa petroli. Rafiki wa mume wangu, fundi wa hizi injini ambaye sote tunamwita Bwana Taratibu kwa jinsi asivyopenda kukimbizwa, akawa anakuja anazisafisha, anazirudisha, gari linawaka, baada ya muda zinalowa tena, na kila mara muda unakuwa mfupi kuliko uliopita. Ananiuliza, shemeji, unalizungusha lakini? Namjibu nalizungusha. Naona haya kumwambia kwamba halijatoka bandani tangu mwenyewe aondoke, na kwamba nalala nikingoja Jumapili ili nichuchumae nyuma ya ekzosi na simu mkononi kama kichaa.

Jumapili iliyopita likakataa. Stata inazunguka, nye-nye-nye, harufu ya petroli imejaa banda zima, na yeye yuko kwenye simu anasikia. Nikajaribu mpaka betri ikaanza kuchoka. Akauliza, umebadilisha plagi? Nikasema sijagusa kitu. Akasema, usiziguse hizo, mimi nikija naliingiza barabarani siku ile ile, sitaki nikute limevalishwa plagi za kwendea sokoni. Nikasema sawa. Akasema, basi, nitapiga likishawaka.

Nitapiga likishawaka. Hayo ndiyo maneno yake, mshauri, sijaongeza wala kupunguza. Na tangu hapo simu haijalia.

Bwana Taratibu alikuja akazitoa, akanionyesha, akasema safari hii sisafishi. Shemeji, hizi ni plagi za gari linalokimbia na lako linapiga miayo. Weka za kawaida, saba chini na tisa juu, litawaka kila ukitaka. Lakini mwenyewe akija akalikanyaga na presha ile ya tabo, injini ikivunjika mimi simo, na msije mkanitaja.

Basi niko hapo katikati. Nikiweka za moto, litawaka, atapiga simu, nitamsikia. Lakini huwa anapenda kuja bila taarifa, hata enzi za uchumba alikuwa ananitokea dukani ghafla, na namjua, hatauliza, ataingia, atawasha, atalitoa mbio, na ataua kitu anachokipenda kwa sababu yangu. Nikiacha hizi za baridi, gari halitawaka, na gari likinyamaza ninaogopa na simu itanyamaza moja kwa moja. Kuna na jambo jingine, nimelizunguka siku zote hizi na acha nilitoe: nikizitoa zile plagi kwa mkono wangu mwenyewe nitakuwa nimekubali kwamba haji. Maana za baridi ni za mtu anayerudi. Za moto ni za gari la mwanamke aliyebaki. Namkumbuka, mshauri, namkumbuka mpaka kifua kinauma hapa katikati, na ninachoweza kufanya ni kushika plagi nne mkononi na kushindwa kuchagua. Nifanyeje? Niweke zipi?

Ni mimi, Muuza Plagi

Nilisahau kukuandikia. Mwenzake mmoja aliyeondoka naye kwenda kazi hiyo hiyo amerudi. Alipita dukani kununua betri, nikamuuliza mbona wewe umerudi na mwenzako bado, akasema shemeji, mkataba ukiisha wanakuuliza kama unataka kuongeza, mimi nilisema hapana. Halafu akaanza kusoma maandishi kwenye lile boksi la betri kama kitabu. Sikumuuliza zaidi. Sijui kama hili linahusiana na plagi.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Sikuvua miwani na sikucheka. Kabla sijakalishwa kwenye meza hii niliendesha teksi, na mpaka leo nikisikia gari linakohoa barabarani nasimamisha kalamu kulisikiliza, kwa hiyo plagi zako zimekuja mahali pake. Injini ya rotari sijawahi kuiendesha, lakini ninaye mtu wa kumuuliza, nikampigia, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, na alipomaliza nilikuwa najua jinsi ya kukujibu. Nitaanza na chuma, kwa sababu ndicho ulichoniuliza. Nafsi inafuata nyuma.

Wewe ndiye unayelizamisha hilo gari. Pole, lakini ni wewe. Injini ya rotari ukiiwasha ikiwa baridi inajimiminia petroli nyingi ili ishike, na yenyewe hula oili kidogo kidogo hata ikiwa nzima. Ikiachwa ipate moto sawasawa, yote hayo yanaungua yanatoka. Wewe unaiwasha, unaikimbizia simu, unaizima ikiwa bado na uvuguvugu wa kiganja cha mama mkwe wako. Petroli inabaki humo ndani, inalowesha plagi, inaiosha kutoka kwenye kuta ile oili inayozilinda zile sili, inachuruzika mpaka kwenye oili ya chini. Jumapili hadi Jumapili. Weka humo plagi za kumi na nusu ambazo hazijui kuunguza masizi mpaka gari likimbie, na hapo gari limestahimili sana kufika lilipofika. Ungelitelekeza tu na betri ukaichomoa, leo lingekuwa na hali nzuri zaidi. Huyo Bwana Taratibu angekwambia haya zamani kama usingemdanganya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe muuza spea mzima unamficha fundi habari ya injini kwa sababu ya haya. Mwambie leo kuhusu simu na ekzosi. Atatafuta bisibisi aanze kazi, mafundi ndivyo walivyo.

Sasa plagi. Toa hizo za baridi. Weka saba chini na tisa juu, kama kiwanda kilivyosema na kama mwenyewe alivyokuja kununua kwako siku ya kwanza akiwa na akili zake timamu. Uziweke za rotari halisi, sihitaji kukufundisha wewe kwamba plagi ya gari la pistoni yenye pua ndefu haiingii humo. Lakini kabla hujaziweka, Bwana Taratibu aishushe presha ya tabo mpaka ile ya kawaida, abadilishe springi ya tabo inayoamua presha iishie wapi, na kompyuta ya gari aiangalie iendane nayo. Nimesema kabla, sijasema baadaye. Na kwanza avue plagi zote, azime pampu ya petroli, aizungushe injini tupu mpaka petroli yote itoke, amwage oili aweke mpya, maana iliyomo sasa hivi ukiinusa ni nusu petroli.

Umeona hofu yako ya kwanza imekwisha? Uliogopa mume atatokea ghafla atalikanyaga ataliua. Presha ikishushwa hawezi kuliua hata akitaka, labda aligonge ukutani. Akitaka presha yake, plagi zake za kumi na nusu ziko kwenye boksi, springi iko kando, kuvirudisha vyote ni kazi ya asubuhi moja. Plagi peke yake ni nusu saa, mwanangu. Unazifungua na unazifunga, ndiyo maana zina nyuzi. Wewe umezishika kama vile ni talaka.

Hiyo ndiyo sehemu iliyonikasirisha, na nitakwambia kwa nini. Umeniandikia kwamba za baridi ni za mtu anayerudi na za moto ni za mwanamke aliyebaki. Nani amekufundisha hivyo? Plagi inachaguliwa kwa kazi ambayo gari linafanya. Wewe ndivyo unavyowaambia wateja wako kila siku, nina hakika. Mtu akija kaunta akakwambia nataka plagi za mashindano, gari langu limekaa bandani, lakini siku moja huenda nikashindana, ungemuuzia? Ungemtazama tu. Sasa jiuzie na wewe kama unavyowauzia wengine. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Anayeendesha ndiye anayechagua plagi, na kwa sasa mwendeshaji wa hilo gari ni wewe.

Ndiyo, wewe. Sogeza kiti mbele. Najua kwa nini hukukisogeza na sitakutania kwa hilo, nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama nikaangalia dirishani, na pale pa mkono unaopita gotini nilisimama tena. Lakini kisogeze. Mpakie mama mkwe wako, naye ana mtoto anayemkumbuka, asibaki kuvizia mngurumo nyuma ya ukuta. Toka naye nje ya mji, polepole kwanza, mshale wa kipimo cha joto ukikaa mahali pake ndipo uongeze, na usilizime mpaka limepata moto wa kutosha. Ukirudi usilizime papo hapo, liache lipumue kidogo. Fanya hivyo kila wiki na hutamuita Bwana Taratibu ila kwa chai. Na baada ya muda fungua plagi uzitazame. Rangi ya biskuti ikiwa kwenye ncha, umechagua sawa. Zikiwa nyeupe zimebabuka, hiyo ni moto mno, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo, uliza kama uweke tisa kote.

Nimemaliza chuma. Sasa kwa lile uliloliandika chini ya jina lako, baada ya kufunga barua, pale ambapo watu wote wanaoniandikia huweka kilichowaleta.

Unasema hujui kama linahusiana na plagi. Unajua. Ulijua dukani, na ndiyo maana hukumuuliza yule bwana swali la pili, na yeye naye akajificha nyuma ya boksi la betri. Kila mkataba ulipoisha mumeo aliulizwa, na kila mara alijibu. Wewe uliambiwa wameongeza. Kumbe ameongeza.

Kwa nini, sijui. Usiniandikie nikupigie ramli. Huenda ana jambo huko, huenda hana. Nimeona wanaume waliobaki ng'ambo kwa aibu, wameahidi kurudi na kitu mkononi na hawajakipata, na kila mwaka unaopita aibu inaongezeka. Nimeona pia wanaopenda nyumba yao ibaki kama walivyoiacha, kiti nyuma, plagi zile zile, mke pale pale, ili wakifumba macho wajione hawajakawia. Mtu wa namna hiyo ukimwambia umebadilisha plagi anashtuka, kwa sababu amesikia kwamba huku siku zinakwenda. Sio kwamba hakupendi. Anaweza akawa anakupenda sana na bado anakukosea, na ile "nitapiga likishawaka" ni kukukosea, hata kama aliisema kwa uchungu. Mke hapigiwi simu kwa sharti la gari kuwaka. Nilipoisoma niliitamka kwa sauti, na wenzangu ofisini wakageuka.

Na wewe pia una lako. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia kwamba unamkumbuka. Mimi umeniambia, kifua kinauma, umeniandikia vizuri mpaka nimekihisi changu. Yeye je? Yeye umemnyooshea simu kwenye ekzosi. Jumapili baada ya Jumapili umeliacha gari liseme kwa niaba yako, na gari halijui kusema lolote zaidi ya bra, bra, bra. Yeye akasema linalala vizuri, na wewe ukalipokea hilo kama busu. Mmekuwa watu wazima wawili mnaozungumza kupitia bomba la moshi, halafu mnashangaa kwamba hamjui mwenzenu anawaza nini. Huenda hata yeye anangoja usikie kile anachoshindwa kusema. Huenda hana cha kusema. Hutajua ukiwa umechuchumaa kule nyuma.

Kwa hiyo sikiliza, na usinirudishie barua ya "lakini mshauri." Wiki hii gari litengenezwe nilivyosema. Usingoje akupigie likishawaka. Jumapili asubuhi mpigie wewe, ukiwa ndani ya nyumba, umekaa kwenye kiti, umeshakunywa chai. Akiuliza limewaka, mwambie limewaka, nimebadilisha plagi, nimeshusha presha, nimempeleka mama matembezi. Atapaza sauti. Mwache apaze, amalize. Akisema niwashie nisikie, mwambie leo hapana, leo nisikie mimi. Mwambie unamkumbuka, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi, kifua na kila kitu, usione haya, huyo ni mumeo.

Ukishasema hivyo, muulize: walipokuuliza kama unataka kuongeza, uliwajibu nini? Muulize kwa sauti ya kawaida, kama unavyomuuliza mteja gari lake la mwaka gani. Halafu nyamaza. Kimya kitakuja, na kitakuwa kirefu, na utatamani kusema ni sawa, basi, usijali, nilikuwa nauliza tu. Usiseme. Usimsaidie kujibu.